Birika la Masijala

Kwa miaka ishirini na minane Unaisi Rokobaro alikaa kwenye masijala ya Hospitali ya Vunidogo, na kwa miaka hiyo yote jibu lake lilikuwa moja. Ukimuuliza habari za mgonjwa, hata kama mgonjwa ni baba yako mzazi, hata kama wewe ndiye mkuu wa hospitali, alikutazama juu ya miwani akasema, "Leta fomu." Ukimwambia fomu iko njiani, alikwambia na yeye yupo, hana safari.

Mimi naitwa Sarojni. Nimefanya kazi maabara, upande wa pili wa korido, miaka ishirini na miwili. Chai ya saa nne nimeinywa masijala siku zote, kwa sababu maabara hakuruhusiwi kula na bwalo la wauguzi lina kelele za sokoni. Nasimulia habari za Unaisi kwa kuwa nilikuwepo, na kwa kuwa siku aliponyang'anywa kiti chake nilikuwa mmoja wa walionyoosha mkono. Wengine wameshaanza kuisimulia kwa mapambo. Haina mapambo.

Alikuja kutoka kisiwani Koro akiwa na cheti cha kupiga taipu na jozi moja ya viatu. Enzi hizo faili zilikuwa za karatasi, kila tarakimu ya mwisho ya namba ya mgonjwa na rangi yake, na ghala la faili lilikuwa na mende wengi kuliko wagonjwa. Yeye alizipanga. Akazitoa juani baada ya kila mafuriko, akazianika moja moja kwenye nyasi na kukaa katikati yake na fimbo, mtu asisogee kusoma. Watu wa mtoni walikuwa wakisema Unaisi anajua maradhi ya kila nyumba. Nilimuuliza kama ni kweli. Akasema anajua namba tu.

Sikumwamini mpaka mwaka mama yake alipolazwa wodi namba tatu. Asubuhi ile nilimwona akipeleka faili la mama yake kwa daktari, jalada limegeuzwa chini. Akalikabidhi, akatoka, akakaa kwenye benchi la korido pamoja na ndugu wengine akisubiri kuitwa.

"Mama ana nini?" nikamuuliza.

"Sijaambiwa bado."

"Unaisi, si umelibeba mwenyewe sasa hivi?"

"Nimebeba faili," akasema. "Ugonjwa anao daktari."

Mama alifariki siku ya nne, na ni yeye mwenyewe aliyelihamishia lile faili kwenye rafu ya marehemu. Nilimwona ana roho ya jiwe na nikamsema kwa watu. Sikumwambia usoni kwa sababu nilitaka kuendelea kunywa chai.

Kisha zikaja kompyuta, na pamoja na kompyuta akaja Avinesh. Avinesh ni kijana wa mjini Nausori, mpole, shati limepigwa pasi, aliyeamini kwamba ukiwaelekeza watu vizuri watafanya. Alitufundisha kuwa kila mtu awe na neno lake la siri, kila anayeinuka afunge skrini, na karatasi zisitembee tena. Zamani nilikuwa nikichapa majibu ya maabara nayapeleka kwa miguu hadi mkononi mwa daktari. Nilikuwa nauona uso wake akisoma. Sasa majibu yalikwenda kwenye sanduku la daktari ndani ya kompyuta, yamefungwa, na sisi maabara tulikatazwa kumwambia mtu yeyote, kwa simu wala kwa mdomo. Lilikuwa jambo la maana. Mara mbili tatu jibu la mtu lilishawahi kufika kijijini kabla yake.

Baada ya mwaka Avinesh akatupima, idara kwa idara, akabandika matokeo nje ya bwalo. Tukajuana tabia. Madaktari walikuwa wa mwisho. Hao midomo yao wameifunga kwelikweli, siri ya mgonjwa hawaitoi hata kwa wake zao, lakini kompyuta walifungua moja asubuhi kwa jina la aliyewahi kufika na wote sita wakaitumia mpaka jioni. Wauguzi waliandika neno la siri kwenye kipande cha plasta wakakibandika chini ya kibodi. Sisi maabara tulifuata kila mstari wa maelekezo, na ukituuliza mstari huo ni wa nini hatujui. Masijala ilipata alama zote. Masijala ilikuwa Unaisi na msaidizi mmoja aliyemwogopa.

Sista Torika, mkuu wa wauguzi, alisimama mbele ya lile bango amejishika kiuno. "Sisi angalau tunaficha chini ya kibodi," akasema. "Madaktari hata kuficha hawafichi, na bado tumewazidi kidogo tu? Avinesh, umetuonea."

"Sista, kuficha chini ya kibodi si kuficha."

"Weka basi wewe pa kuficha. Mimi nina wagonjwa arobaini na kichwa kimoja."

Aliyecheka kuliko wote siku hiyo alikuwa Apenisa.

Apenisa alikuwa mhudumu. Alisukuma vitanda, alibeba mitungi ya gesi, alipeleka maiti chumba cha baridi huku akiziongelesha taratibu zisije zikaogopa. Mtu mrefu, mguu mmoja akiuburura kidogo, sauti ya kwaya. Kijiji chao, kule kwenye matope ya mto, na kijiji cha Unaisi kisiwani ni watani tangu mababu. Mtani akichukua chako hujaibiwa. Ukikasirika umejiaibisha wewe na umeaibisha kwenu kote. Sisi Wahindi wa hapa hatuna utani wa namna hiyo, lakini ukikaa nao unazoea. Mimi mwenyewe nilishanyang'anywa mwavuli kwa kosa la kukaa karibu na Unaisi.

Kila siku saa nne, kwa miaka kumi na moja, Apenisa aliingia masijala bila kugonga, akamwondoa Unaisi kwenye kiti, akaketi yeye, akafungua kopo la chakula la Unaisi.

"Mkuu wa masijala nimefika," alikuwa akisema. "We mama, mwambie huyo birika achemke haraka, nina kikao."

"Toa makalio yako kwenye kiti cha serikali."

"Kiti cha mtani. Serikali haina watani, ndiyo maana haina raha. Eh, muhogo tena? Watu wa Koro mnakula mizizi kama nguruwe pori."

"Na nyinyi wala kamba wa matope mnakula nini? Muulize Saroj hapo, harufu yako inamfikia?"

"Mimi msinitie," nilikuwa nikisema.

Na hapo ndipo Unaisi alipovunja kanuni ya Avinesh, kila siku, mbele ya macho ya watu. Mwanamke huyu alifunga skrini hata akiinama kuokota kalamu. Lakini Apenisa akikaa kwenye kiti, skrini aliiacha wazi. Avinesh alimkuta siku moja.

"Mama Unaisi, umeacha wazi."

"Nimemwachia mtani."

"Mtani naye ni mtumishi kama wengine, mama. Hana ruhusa ya mafaili."

"Nimfungie mtani usoni? Nikirudi kijijini niseme nini?"

Avinesh alinitazama mimi, kana kwamba mimi ningemsaidia. Unaisi akamwonea huruma. "Usijali, mwanangu," akasema. "Simwachi peke yake. Mimi sitoki humu ndani akiwa hapo." Na ilikuwa kweli. Alisimama kwenye kabati na kikombe chake, macho kwenye mikono ya Apenisa, na birika alilijaza mapema, saa tatu na nusu, asilazimike kwenda bombani mtani akiwa kitini. Kwa miaka kumi na moja sikumwona akitoka.

Februari ya mwaka ule Apenisa alilalamika tumbo. Daktari wetu mmoja wa upasuaji alimkata kipande kidogo kwa ndani, akakileta kwetu, akamwambia Apenisa asubiri kupigiwa simu. Tarehe kumi na tano daktari huyo akahamia New Zealand, kama wanavyohama wote. Bingwa wetu wa maabara alikisoma kipande kile kwenye hadubini tarehe kumi na tisa, akaniita nichape. Nikachapa. Ilikuwa saratani ya tumbo, ile mbaya. Nikabonyeza, majibu yakaenda. Kompyuta ikaniambia yametumwa. Nikanawa mikono nikaenda kunywa chai, na Apenisa alikuwa kitini anakula muhogo.

Nilikunywa chai ile. Nasema hivyo kwa sababu watu huniuliza nilijisikiaje, na jibu ni kwamba chai ilikuwa na sukari nyingi. Kazi yetu inakufundisha kujua bila kuhisi, na mimi niliifanya kwa muda mrefu.

Wiki zikapita, yeye anatania vilevile, nikajiambia daktari ameshamwambia na mzee ni jasiri. Ila siku moja alinisimamisha kwenye mlango wa maabara.

"Dada Saroj, kile kipande changu mmekila?"

"Muulize daktari, kaka Apenisa."

"Daktari yuko New Zealand."

"Basi muulize aliyechukua nafasi yake. Mimi siruhusiwi."

"Sawa, bibie," akasema, akaniwekea mkono begani. "Naona mmekila."

Angekuwa anajua asingeuliza. Mtoto mdogo angeliona hilo. Mimi nilirudi kwenye vioo vyangu vya hadubini. Alimuuliza Sista Torika, akaambiwa asubiri barua. Alimuuliza daktari mpya, naye akatazama sanduku lake, akamwambia majibu hayajaonekana, labda maabara wamechelewa. Hakuna aliyekuwa anamdanganya.

Akabaki Unaisi. Ilikuwa Jumanne ya pili ya Aprili, mvua inapiga mabati, mimi nimekaa na kikombe changu. Apenisa aliingia, akakaa kwenye kiti, lakini kopo la chakula hakuligusa.

"Mtani," akasema. "Kerekere. Nifungulie faili langu."

Kerekere ni ombi la ndugu, na kwao halikataliwi. Mtu akikuomba shati ulilovaa kwa neno hilo, unalivua. Katika miaka yote sikuwahi kumsikia Apenisa akilitamka kwa Unaisi, maana mtani haombi, anachukua.

Unaisi alikuwa amesimama kabatini. "Leta fomu," akasema.

"Fomu lazima daktari atie sahihi. Daktari hajui nina nini."

"Leta fomu, Apenisa."

"Ni langu. Jina langu liko juu."

"Jina ni lako. Faili ni la hospitali."

Apenisa akacheka kidogo. Mvua ikaendelea. Unaisi aliweka kikombe chini, akachomoa birika kwenye umeme, akalishika kwa mikono miwili.

"Nakwenda kuteka maji," akasema, akatoka. Skrini ilikuwa wazi.

Nilimwangalia Apenisa, Apenisa akaniangalia. Kengele ya mashine ya maabara ikalia, nikainuka nikaenda. Ndivyo nilivyoondoka.

Siku ile alisukuma vitanda mpaka zamu ikaisha. Siku ya tatu akaenda mjini na mkewe, madaktari wa huko wakamfungua tumbo, wakamfunga tena bila kutoa kitu, ilikuwa imeshasambaa. Akapewa likizo ya ugonjwa, akarudi kijijini. Alituma salamu kwamba muhogo wa Koro ndio uliomuua. Unaisi aliendelea kuja na kopo lake, analirudisha nyumbani nusu.

Mwezi wa Mei kikaja kikao cha kamati ya usalama wa taarifa. Kila idara ilikuwa na mtu wake: Daktari Maikeli mwenyekiti, Sista Torika kwa wauguzi, Avinesh kwa kompyuta, mimi kwa maabara. Wa masijala alikuwa Unaisi mwenyewe, ila siku hiyo alikaa upande wa pili wa meza. Kompyuta ilikuwa na kengele yake: faili la mtumishi likifunguliwa bila fomu, inaandika. Ilikuwa imeandika jina la Unaisi, Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili hadi ishirini na tatu, faili la Apenisa. Kanuni ilikuwa wazi, na Unaisi ndiye aliyesaidia kuiandika. Anayefungua bila fomu haondoki na onyo, anaondoka masijala.

Avinesh hakutaka. "Mama," akasema, "dakika hizo ulikuwa kwenye kiti?"

"Nilikuwa."

"Fikiri vizuri, mama. Kama kuna mtu aliyetumia kompyuta yako wewe hupo, hilo ni jambo jingine. Hilo ni onyo la maandishi tu."

"Na huyo mtu?"

Avinesh alitazama karatasi yake. "Mtumishi aliyeingia kwa jina la mwenzake anaachishwa kazi."

"Hata mgonjwa?"

"Kanuni haijasema, mama."

"Nilikuwa mimi," akasema Unaisi.

Sista Torika alipiga meza kwa kiganja. "Acha ujinga, Unaisi! Hospitali nzima inajua saa nne nani hukaa hapo. Hata vichaa wa wodi namba sita wanajua."

"Nilikuwa mimi, Torika."

"Ulifungua ufanye nini?" akauliza Daktari Maikeli.

"Nilitaka kujua."

Mwanamke ambaye hakufungua faili la mama yake. Hakuna mtu mezani pale aliyemwamini, na hakuna mtu mezani pale asiyeelewa kwa nini alikuwa anasema hivyo. Angesema ni Apenisa, wangempelekea mtu anayekufa barua ya kufukuzwa kazi, na angekuwa amemwita mtani wake mwizi. Nilikuwa shahidi. Nilikuwa nimemwona nani yuko kitini. Unaisi alinitazama mara moja juu ya miwani, nami nikanyamaza, na huo ndio wema pekee niliomfanyia mwaka ule.

Nikauliza, "Majibu ya Apenisa yalimfikia nani?"

"Hiyo si ajenda," akasema Daktari Maikeli.

"Nauliza tu. Mimi niliyatuma Februari."

Avinesh akafungua kompyuta yake, akatafuta. Tulimsubiri. "Yalikwenda kwenye sanduku la daktari wake," akasema. "Lile lilifungwa tarehe kumi na tano. Akiondoka mtu nalifunga siku hiyohiyo, ndivyo inavyotakiwa." Akazidi kutafuta, sauti yake ikashuka. "Hayajafunguliwa na mtu. Kopi ya kwenye faili imefunguliwa mara moja tu. Hiyo Jumanne."

Wiki saba. Maabara ilitunza siri, wauguzi walitunza siri, watu wa kompyuta waliifungia siri na kitasa kipya, na hospitali nzima ilifanya kazi yake kwa usahihi ili mtu mmoja asijue kilichomo tumboni mwake. Nilitaka kusikia uchungu na sikusikia kitu. Niliangalia kucha zangu, zilikuwa na rangi ya zambarau ya dawa ya maabara.

"Tutaliweka kikao kijacho," akasema Daktari Maikeli. "Sasa kwa suala lililopo. Wanaokubali kanuni ifuatwe?"

Avinesh alinyoosha. Sista Torika alinyoosha huku analia kwa hasira. Daktari Maikeli alinyoosha. Unaisi alinitazama akaitikia kidogo kwa kichwa, kama anayemwambia mtoto ale dawa. Nikanyoosha.

Akavua kamba ya funguo shingoni, akaiweka mezani. Ilikuwa imeacha alama.

Walimpeleka chumba cha mashuka, chini, karibu na dobi, amalizie miaka yake miwili iliyobaki huko. Msaidizi wake akapewa kiti. Chai ya saa nne nikawa nainywa nimesimama kwenye korido.

Apenisa alifariki Agosti. Tulikwenda kwao kwa lori la hospitali, tope hadi magotini. Kwenye msiba wao watani hutakiwa kuleta vurugu ili watu wacheke. Unaisi alikwenda moja kwa moja jikoni, akapora chungu kizima cha kamba, akakaa nacho mlangoni akala peke yake mbele ya wafiwa wote, bila kutabasamu, akitupa maganda kwa wazee. Watu walicheka mpaka wakajishika mbavu. Mjane alicheka. Mimi nilimtazama akila na nikaona kwamba yeye kamba hawapendi kabisa.

Wiki iliyofuata nikashuka chumba cha mashuka na vikombe viwili. Alikuwa anakunja. Kulikuwa na joto la mashine na harufu ya sabuni.

"Weka hapo," akasema. Nikaweka. Hakuacha kukunja.

"Wewe ulikuwa unajua," akasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Februari. Nilichapa mwenyewe."

"Alikuuliza?"

"Mlangoni. Nikamwambia amuulize daktari."

"Mimi nilimwambia alete fomu."

Akachukua shuka jingine, akalikung'uta, akatafuta pembe zake. Nilidhani maongezi yameisha. Siyo mtu wa maneno.

"Lile birika," akasema, "lilikuwa limejaa."

Nikamwangalia. Nikaikumbuka ile mikono miwili.

"Nilikuwa nimelijaza saa tatu na nusu, kama kila siku. Nilitoka nalo limejaa, Saroj. Nikasimama bombani, maji sikufungua. Kulikuwa na saa ukutani. Nikasema dakika tano zinamtosha mtu. Kisha nikampa kumi." Akavuta shuka, akalinyoosha. "Nikaongeza moja, maana Apenisa husoma polepole."

Mashine ilikuwa inazunguka. Nilihesabu kichwani muda niliokuwa nao mimi, kutoka Februari hadi ile Jumanne, siku zote zile nimekaa hatua mbili kutoka kwake na kikombe mkononi, na ile mara aliyoniuliza kwa mdomo wake. Nilitaka kumwambia Unaisi jambo hilo lakini alikuwa analijua.

"Shika huko," akasema, akanirushia pembe mbili za shuka. Nikazishika, tukakunja.